Ladha ya sombe ya mama iko kwa mtu tuliyemfukuza

Mama Mshauri, jambo.

Mimi ni baba wa watoto wanne, nina miaka 46, nakaa Kadutu hapa Bukavu. Jambo langu linaanzia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, na naomba uvumilie nilieleze tangu mwanzo, maana nikilikata utaona ni tamaa ya chakula tu.

Mama yetu mzazi alikuwa mtu wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Alipanda Bukavu kuolewa na baba, akapanda na mapishi ya kwao. Huku sisi tunakula sambaza wa Ziwa Kivu, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja na wavuvi wakiimba. Vijana wanadhani wamekuwepo siku zote, kumbe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni jamaa ya ndagala, yaani dagaa, wa kule. Mama alikuwa akiwachambua kwenye ungo anasema: "Huyu ni ndagala aliyeolewa Bukavu, kama mimi." Alisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili tulicheka.

Nyumbani tulikuwa wavulana watupu mpaka dada yetu wa mwisho alipozaliwa, kwa hiyo kutwanga sombe ilikuwa kazi yangu. Mama alichuma majani ya juu tu, yale laini yenye vikonyo vyekundu, akayababua kidogo, akanimiminia kinuni. Mwanzoni mchi unalia ko, ko, ko. Majani yakishaanza kunata, mlio unakuwa mzito, kama mtu anayekanyaga tope. Mama hakuja kutazama. Alikaa kwenye mbabula yake, jiko la makaa, akisikiliza, na mlio usipobadilika aliita: "Bado!" Nikidanganya kwa kupiga pole pole, alijua. Maji ya kwanza yalichemka muda mrefu bila kifuniko, maana muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo inatoka na mvuke. Baadaye vikaingia vitunguu, pware (liki), mbilingani, karanga, mawese, samaki. Lakini nikishatwanga niliruhusiwa kwenda kucheza mpira. Kwa hiyo nusu ya pili ya mapishi yale sikuiona kamwe. Sikujua kama siku moja nitaihitaji.

Mwaka 1998 mama aliugua, miguu ikakataa. Kwao wakamtuma msichana wa ukoo wao aje kumsaidia, mdogo wake kwa baba mdogo, na sisi tukamwita mama mdogo tangu siku ya kwanza. Mama alitandikiwa mkeka mlangoni mwa jiko, akawa anamfundisha kila kitu akiwa amelala: sasa punguza moto, sasa koroga, hapana, bado. Nilipita pale mara nyingi na ndoo ya maji nikawasikia. Mwaka 1999 mama akafariki. Dada yetu alikuwa na miaka miwili. Koo mbili zilikaa, wakakubaliana baba amuoe mama mdogo, na ndivyo ilivyokuwa.

Alitulea, Mama Mshauri. Siwezi kusema vingine. Juni 2004, mji ulipotekwa na kuporwa, tulijifungia ndani siku nyingi bila soko. Yeye alitoka usiku akachuma majani ya muhogo nyuma ya nyumba, akatupikia sombe isiyo na mafuta wala samaki, akakaa kutazama mpaka wote tumalize. Yeye mwenyewe sikumwona akila.

Baba alifariki mwaka 2017. Haikupita mwaka yaya yetu, yaani kaka yetu mkubwa, akaita kikao. Alisema ndoa ile ilikuwa ya ukoo tu, haikuandikishwa serikalini, hakupata naye mtoto, kwa hiyo kiwanja ni chetu na mama mdogo arudi kwao. Aliandika karatasi. Sisi wavulana wote tulisaini, na mimi nilisaini wa pili. Dada yetu alikataa, akaambiwa ni mtoto. Nilijua ni vibaya. Sikutaka kugombana na yaya, na nilikuwa na ada za watoto, hiyo ndiyo sababu yote.

Mama mdogo hakupiga kelele. Aliomba kitu kimoja, kinu. Yaya akasema kinu ni cha marehemu, hakitoki. Yule mama akanigeukia mimi, maana anajua nani alikitumia kinu kile. Nikatazama chini. Tangu siku hiyo kiko nyuma ya nyumba yangu, mvua inakijaza maji na kuku wanakunywa humo. Vyumba viwili alivyokuwa akikaa vimepangishwa, na fungu langu la kodi nimelipokea kila mwezi.

Sasa mwezi uliopita dada yetu alikuja kunisalimia, akaniachia bakuli lenye kifuniko. Mke wangu akasonga bugali. Tonge la kwanza nilikula nikiwa nazungumza. La pili nilinyamaza. Mke wangu akaniuliza kama kuna mfupa. Nilikuwa nasikia mlio wa kinu, nakuambia ukweli, na "Bado!" ya mama, miaka zaidi ya 25 tangu azikwe. Niliacha kula nikatoka nje, kwa sababu watoto walikuwa wananitazama.

Nilimpigia simu dada yangu nikamuuliza ametoa wapi. Akasema, "Bagira, kwa mama." Kumbe miaka yote hii anakwenda. Mama mdogo hakurudi Uvira, amepanga chumba kule Bagira na anauza sambaza wakavu kwa kopo. Nikamwambia dada aniandikie namna anavyopika. Alikataa. Alisema: "Sura ya mama siikumbuki hata kidogo. Ninayemjua ni huyu. Unataka mapishi yake, nenda ukaombe mwenyewe."

Mke wangu amejaribu, masikini. Amebadilisha mawese mara tatu, amekaanga karanga kabla ya kusaga, ameweka samaki mwanzo, ameweka mwisho. Ni sombe nzuri, si ile. Nimemwomba aache, maana naona anaumia kama kwamba kosa ni lake.

Nimefikia hapa ndipo nimekwama. Mke wangu anasema niende na mbuzi na mzee mmoja wa ukoo, niombe radhi kama desturi inavyotaka, na habari ya sombe nisiitaje kabisa. Yaya, nilipomgusia tu, alipandisha sauti: nikienda Bagira nitakuwa nimekubali kwamba tulikosa, kesho mama mdogo atadai nyumba, na mimi nitakuwa nimeuza ukoo kwa sababu ya tumbo. Neno hilo la tumbo linanichoma, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nilikuwa na miaka yote hii ya kwenda. Bagira si mbali, ni mwendo wa pikipiki. Sikwenda mpaka nilipoonja chakula. Je, yeye hataona hivyo hivyo? Na nikienda na mbuzi nikaficha kilichonisukuma, si nitakuwa nimeanza msamaha kwa uongo?

Kuna na habari ya kodi. Nafikiri kumpelekea fungu langu kila mwezi kuanzia sasa, bila kumshirikisha yaya. Lakini naogopa nikimpelekea pesa siku ile ile ninayoomba radhi itaonekana namnunua, na nisipopeleka, radhi yangu itakuwa ya mdomo.

Mama Mshauri, ungekuwa wewe ndiye uliyefukuzwa, ungetaka nije vipi? Na wazee au peke yangu? Nianze na kosa langu na kuishia hapo, au nimwambie wazi kwamba ni bakuli lake lililonileta? Na yaya nimfanyeje, nimwambie kabla au baada?

Dada yangu anasema mama mdogo hajawahi kumuuliza habari zangu. Kinu nimekimwaga maji na kukisugua kwa majivu. Kina ufa mdogo ukingoni, lakini chini ni kizima. Hicho nitakipeleka hata kama utanishauri nisiingie ndani.

Nangoja jibu lako.

Baba wa watoto wanne, Kadutu, Bukavu