Barua kwa mwanangu kuhusu Imhotep

Mwanangu mpendwa,

Tangu ulipopanda basi kurudi shuleni Likasi, nimekuwa nikiifikiria ile asubuhi uliyokataa kuvuka lango la makaburi tulipokwenda kupalilia kaburi la kambo yako. Hukusema sababu, nami sikukulazimisha, lakini nilijua kwamba ni ile filamu tuliyoitazama usiku uliotangulia, The Mummy ya mwaka 1999, ambamo kuhani Imhotep, aliyezikwa akiwa hai, anaamshwa na maneno ya kitabu yaliyosomwa kwa sauti, kisha anajirudishia nyama na ngozi kwa kuwanyonya uhai wale waliofungua sanduku lenye laana. Hata mimi niliogopa. Pale mchanga wa jangwa ulipoinuka ukawa uso wenye kinywa wazi na kuifukuza ndege angani, ni mimi niliyeushika mkono wako kwanza.

Lakini liko jambo ambalo filamu haikukuambia, nalo linaniuma. Imhotep aliishi kweli. Miaka ipatayo 4,600 iliyopita alimtumikia Farao Djoser, naye ndiye anayetajwa kuwa msanifu wa piramidi ya ngazi ya Saqqara, yenye ngazi sita na kimo cha mita zipatazo 60, ambayo ilijengwa kwa mawe kabla ya piramidi zote kubwa unazoziona katika vitabu vyako. Wamisri walimkumbuka kwa hekima yake, na baada ya karne nyingi wakamheshimu kama mungu wa uponyaji, hata wagonjwa wakaenda kumwomba nafuu; Wagiriki nao wakamlinganisha na Asklepios, mungu wao wa tiba. Jina hilo la munganga ndilo lililotwaliwa na Hollywood mwaka 1932 likapewa maiti anayetembea, na filamu yetu ikalirudia. Kama wangebuni jina, kama walivyoubuni mji wa Hamunaptra, nisingekuandikia.

Kitabu cha Wafu, kile kilichosomwa katika filamu, nacho hakikuwa cha kuwaamsha wafu. Yalikuwa maneno yaliyoandikwa na kuwekwa karibu na marehemu ili yamsaidie kupita salama katika safari yake. Na wale dundu weusi waliokufanya upandishe miguu juu ya kiti, kwa Wamisri walikuwa alama ya jua linalochomoza. Chakula chao ni kinyesi wanachokiviringisha chini, si nyama ya watu.

Katika Katanga yetu pia ardhi ilifunguliwa. Mwaka 1957, huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia walianza kuchimbua makaburi ya kale, mengine yakiwa na umri wa takriban miaka elfu moja. Walikuta mifupa iliyolazwa kwa uangalifu pamoja na vyungu, vitu vya chuma na mapambo ya shaba, na katika makaburi ya nyakati za baadaye wakakuta ile misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Jambo lililonikaa moyoni kuliko yote ni kwamba katika makaburi ya watoto ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa mtoto: aliyekufa mdogo sana alipewa vyungu vidogo sana. Ninamwaza mama aliyevifinyanga, au aliyemwomba mfinyanzi amtengenezee, akionyesha kwa viganja vyake kimo alichokitaka. Hicho ndicho kilichokuwa chini ya udongo ule miaka yote hiyo.

Itazame filamu hiyo tena ukipenda, kwa kuwa mapigano yake ni mazuri na hofu yake hupita taa zikiwashwa. Mimi ninakuomba kitu kimoja tu. Mwezi wa saba, shule zikifungwa, majani juu ya kaburi la kambo yako yatakuwa yamekauka na ni mepesi kuyang'oa. Tutakwenda mapema kabla ya jua kali, mimi nitatangulia kuingia, nawe utanifuata utakapokuwa tayari. Jembe lake bado liko nyuma ya mlango wa jikoni.

Mama yako,
Lubumbashi