Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kampuni yetu ya barafu na ritani zilizolala

Asalaam aleikum wanachama wote, wa Amu, Shela, Matondoni na nyinyi wa Kizingitini mlonipigia simu mwaka mzima.

Habari ya barafu ni fupi. Mashine imefanya kazi, kusi tuliuza kidogo kama kawaida, kaskazi ikatufidia, hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nataka kuongea kuhusu kampuni, manake ndiyo imenila mwaka.

Tulienda benki kuomba mkopo wa jenereta, tukaambiwa leteni CR12, ile karatasi ya msajili wa makampuni inayoonyesha madairekta na wenye shea. Nikaenda saiba, kijana akafungua eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, akanigeuzia skrini: ritani ya mwisho, yaani taarifa ya kampuni inayopelekwa kwa msajili kila mwaka, tumefaili miaka sita nyuma, na wale wazee watatu tulowaandikia shea kwa niaba ya chama, wawili ni marehemu, mmoja jeneza lake nimelibeba mimi mwenyewe. Madairekta walidhani ukishalipa leseni ya kaunti basi yamekwisha. Sivyo. Sheria ya Makampuni ya 2015 inataka ritani kila mwaka, ndani ya siku 28 baada ya tarehe ya ritani, hata kama hujauza kipande cha barafu, na ukikaa kimya kosa ni la kampuni na la maofisa wake pia.

Kuna walosema si tuifute tu tufungue nyengine. Inawezekana kweli, kifungu cha 897 kinaruhusu kampuni kuomba yenyewe kufutwa, tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, miezi 3 ipite kama hakuna alopinga. Lakini jamani ile ploti ya chumba cha barafu imeandikwa jina la nani? La kampuni. Kampuni ikishafutwa mali iliyobaki inahesabiwa haina mwenyewe, inakwenda kwa serikali. Na msajili naye akituona tumekufa anaweza kutufuta yeye, kifungu cha 894, hasara ni ile ile. Kurudishwa kunaombwa, kwa msajili au kortini, mwisho miaka 6, ila sitaki tufike huko.

Vijana nao wanataka kuwashtaki madairekta wa zamani. Mlango upo: kifungu cha 780 kwa mwenye shea alodhulumiwa na uendeshaji wa kampuni, na 238 kudai kwa niaba ya kampuni, hiyo lazima Mahakama Kuu ikupe ruhusa uendelee, na kwetu ni safari ya Garsen na wakili wa kulipwa. Mimi sioni wizi hapa, naona uvivu, na wetu sisi pia tulokuwa tukiitwa mkutano tunasema tuko baharini. Kuna mmoja hata alisema tuivunje kampuni kabisa, yaani tanga limechanika unapasua jahazi.

Kwa hiyo kamati imeamua tufaili ritani zote za nyuma na tulipe faini zake, hiyo ndio njia ya bei rahisi. Halafu tuandikishe wamiliki halisi, manake anayeshika kuanzia asilimia 10 lazima ajulikane kwa msajili. Kigumu ni shea za marehemu. Nimekaa na familia zote mbili, kahawa kwa kahawa, wanajua fika zile si za urithi ni za chama, lakini karatasi inamtambua alieandikwa, so tunapita kwa Kadhi kwanza apatikane msimamizi wa mirathi, yeye ndio atie saini ya kuzihamisha. Mjane mmoja ameniuliza kama ataletewa deni la kampuni, nikamwambia la, shea zilishalipiwa zote.

Cheti cha usajili kimepatikana kwenye kopo la biskuti na risiti za dizeli, mchwa wamekula kona moja ila namba inasomeka. Cheti cha shea cha mzee wa tatu ndio hakionekani. Alie nacho nyumbani akilete ofisini kabla ya Ijumaa, asikilaminishe.