Barua kwa Mwanangu Kuhusu Bert Williams

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba katika insha yako ya historia ya sinema umemchagua Bert Williams, mchekeshaji mweusi wa Marekani. Unasema unakusudia kumwita msaliti, kwa sababu alijipaka masizi usoni ili awachekeshe wazungu. Hukumu hiyo naiona ya haraka, na ningependa uifuate kazi yake tangu mwanzo kabla hujaiandika.

Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mwaka 1874, akakulia Marekani, na huko San Francisco akakutana na George Walker, wakawa wachekeshaji wawili wa jukwaa moja. Watazamaji wa siku zile walikuwa wamezoea wazungu waliojipaka masizi na kujifanya weusi. Kwa hiyo vijana hawa walijinadi kuwa ndio weusi halisi, lakini Williams, ambaye rangi yake ilikuwa maji ya kunde, aliishia kujipaka naye, ili afanane na picha ambayo watu wale walikwisha kuiamini. Mwaka 1903 walifika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo jijini New York, na In Dahomey, mchezo wa nyimbo ulioandikwa na kuigizwa na watu weusi, kisha wakaupeleka London, wakauigiza hata katika Kasri la Buckingham.

Walker alipougua, Williams alibaki peke yake, na mwaka 1910 akaingia katika Ziegfeld Follies, maonyesho maarufu ya nyimbo, dansi na vichekesho, nyota mweusi miongoni mwa wazungu. Usiku alishangiliwa, alipotoka ukumbini alirudi kuwa mtu wa kubaguliwa hotelini na mitaani. W. C. Fields, mchekeshaji mzungu aliyefanya naye kazi, alisema hajapata kumwona mtu wa kuchekesha kuliko yeye, wala kumjua mwenye huzuni kuliko yeye.

Sasa nije kwenye filamu, maana hapo ndipo insha yako itakapopata nguvu. Katika A Natural Born Gambler ya mwaka 1916 anacheza karata akiwa gerezani, hana karata wala wenzake, na bado kwa macho na vidole tu unamwona kila mchezaji, unajua nani anadanganya na nani ameliwa. Alikuwa amelinoa igizo hilo jukwaani kwa miaka, na kwa maoni yangu hakuna masizi yanayoweza kuuficha ustadi wa namna ile.

Hata hivyo, usianze na hiyo. Anza na picha za sinema alizopigwa mwaka 1913 pamoja na kundi kubwa la waigizaji weusi, kazi ambayo haikukamilishwa, mikanda yake ikahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York hadi ilipoonyeshwa hadharani mwaka 2014. Humo ni Williams pekee aliyejipaka. Wenzake wana nyuso zao wenyewe, wamevaa vizuri, wanacheza dansi, na yeye anambusu mpenzi wake, Odessa Warren Grey, bila dhihaka yoyote, jambo ambalo sinema ya wakati ule haikuwaruhusu weusi kwa urahisi. Je, msaliti angekubali kusimama katikati ya picha kama hiyo?

Alianguka jukwaani Detroit mwaka 1922, akafariki mwezi Machi mwaka huohuo akiwa na miaka 47. Ukiisha kuitazama mikanda hiyo, nitumie rasimu yako, hata kama bado utakuwa unanipinga.

Ni mimi baba yako