Jumamosi ni Queen tupu

Wadau, habari za jioni. Jumamosi saa 1 usiku tunapiga kwa kufuata onyesho la Queen, bendi ya roki ya Uingereza, uwanjani Wembley, London, Julai 13, 1985: dakika 20 hivi, hakuna hotuba katikati.

Freddie Mercury, mwimbaji wao, tunamjua, kazaliwa hapahapa Unguja mwaka 1946, tutajisifu weee. Ila wapiga gitaa, safari hii msikilizeni mpiga gitaa wao, Brian May. Gitaa lake alilichonga na baba yake, shingo ikatoka kwenye mbao kuukuu za meko ya ukutani, na hulipiga kwa sarafu ya peni sita, pesa ya zamani ya Uingereza, si kwa kipande cha plastiki. Nimejaribu kwa shilingi mia: mlio unakwaruza kidogo, mtamu! Yeye na Freddie wote walimhusudu mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix, mtaona inavyojitokeza.

Waimbaji, zile sauti za kwaya kwenye rekodi ni watu watatu tu, Freddie, Brian na mpiga ngoma Roger Taylor, wakijirekodi tabaka juu ya tabaka. Sisi hatuna studio, kwa hiyo nahitaji watu sita. Mazoezi Alhamisi saa 11 jioni.

Mwenye waya wa maiki usiokatakata aje nao, tafadhali. Mara iliyopita tuliaibika.