Hiyo namba yako, shosti, tuianze upya

Shosti wangu,

Za siku? Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama mlangoni hata mkoba sijauweka chini, mara ya pili usiku watoto wameshalala, na nimefurahi kweli, maana miaka yote nakuona unavyochoka na hujawahi kusema unataka nini. Sasa umesema. Unataka ukifika 45 usiamke tena kwa ajili ya kazi ya mtu, sahivi una 33 kwahiyo umejipa miaka 12, na lengo la akiba umeshaliandika kwa kalamu nyekundu ukalizungushia duara.

Kitu kimoja tu kimenikosesha usingizi, hiyo namba umeitoa wapi? Imekaa vizuri mno, masifuri yamepangana. Namba ya mtu aliyepiga hesabu zake huwa haikai hivyo, inakuwa na vipande vipande mwishoni.

Unamkumbuka baba alivyostaafu. Kiinua mgongo walimpa chote kwa mpigo, na kwa sababu hajawahi kushika hela nyingi vile maishani mwake aliona ni ya kumtosha mpaka kufa, sote tuliona hivyo. Mimi nilikuja kukaa chini baadaye sana, nikachukua ile hela nikaigawa kwa matumizi ya pale nyumbani kwa mwezi, ikatoka miezi 50. Miaka minne na miezi miwili. Na kweli mwaka wa tano ndio akaanza kutupigia simu. Hakuna starehe aliyofanya, hakuna aliyemwibia, ni kwamba ilikuwa hela ya miezi 50 tangu siku aliyoipokea na hakuna hata mmoja wetu aliyeigawa. Tangu hapo mimi hela ya kustaafu siiangalii ukubwa, naangalia ni miaka mingapi ya kula.

Kwahiyo nakuomba anza na daftari. Mimi la kwangu ni lile dogo la mistari, linakaa jikoni na kalamu imefungwa kwa uzi, kila hela inayotoka inaandikwa siku hiyohiyo, tarehe, kiasi, ya nini. Mwezi wa kwanza nilijiona mtu wa matumizi madogo sana nikafurahi. Mwezi wa tatu jino likaanza kuuma, mwezi wa tano friji ikafa, mwezi wa sita msiba, mwezi wa nane ada na sare za shule, na kila nikiandika najiambia hii ni dharura haihesabiwi. Mwisho wa mwaka nikazijumlisha hizo nilizoziita dharura peke yake, zilikuwa karibu matumizi ya miezi miwili mizima! Yani kila mwaka kuna miezi miwili ambayo haipo kwenye kalenda na inalipwa. Ndio maana nakwambia usichukue mwezi mmoja ukazidisha kwa 12, andika mwaka mzima, au kama huwezi kusubiri basi fukua miamala ya mwaka uliopita kwenye simu na benki uijumlishe yote mpaka ya aibu.

Ukishapata jumla ya mwaka, zidisha kwa 25. Hiyo ndio namba yako ya kuanzia.

Hiyo 25 haijatoka hewani. Kuna mshauri wa mambo ya fedha Mmarekani anaitwa William Bengen, mwaka 1994 alichukua kumbukumbu za masoko ya Marekani kuanzia 1926, akajiuliza mtu angestaafu mwaka wowote katika hiyo, akiba yake nusu iko kwenye hisa, yani vipande vya umiliki wa makampuni, na nusu kwenye hati fungani, yani hela unayoikopesha serikali ikurudishie na riba, angeweza kuchota kiasi gani isimwishie ndani ya miaka 30? Akakuta mwaka wa kwanza ukitoa asilimia 4 ya akiba yote, halafu kila mwaka ukatoa kiasi kilekile ukiongeza tu kile ambacho bei zimepanda, hata waliostaafu wakati mbaya kabisa wangefika. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity kule Texas nao wakapiga hesabu za aina hiyo, matokeo hayakuwa mbali. Asilimia 4 ni 1 kwa 25, basi, ndio 25 ilipotoka.

Ila wewe usiibebe kama ilivyo. Bengen alikuwa anawafikiria watu wa miaka 60 na kitu, miaka 30 inawatosha. Wewe ukiacha kazi na 45 na Mungu akakujalia ufike 90, hiyo akiba inatakiwa ikulishe miaka 45. Halafu zile ni hesabu za Marekani, nchi ambayo soko lake lilifanya vizuri sana karne hiyo, na sio kila nchi ilibahatika hivyo. Mimi kwa roho yangu ningekuwekea asilimia 3, yani matumizi ya mwaka mara 33. Kama unaona ni mbali mno basi tukutane kwenye tatu na nusu, inakuwa mara 28 na kitu. 25 iwe mlangoni tu, sio chumbani.

Sasa kuhusu hiyo miaka 12. Umeniambia unaweka 20 kwenye kila 100 ya mshahara, na hiyo ni juhudi kubwa sitaki uione ndogo, wengi hawawezi hata 5. Ila niliipiga usiku uleule na kikokotoo cha simu, nikaweka kwamba unaanza na sifuri na akiba inakua kwa asilimia 5 kwa mwaka juu ya kupanda kwa bei, ambayo ni makadirio tu hakuna mtu amekuahidi, na ukisimamia ile mara 25. Kwa 20 inakuchukua karibu miaka 37. Utakuwa na 70. Ukiweka 30 ni miaka 28. Ukiweka 40, karibu 22. Ukiweka 50 ni 17 kasoro, una 50 yako. Ili iwe 45 kweli inabidi uweke 60 kwenye kila 100 na uishi kwa 40 iliyobaki, kila mwezi, miaka 12. Nilikaa na hiyo karatasi muda mrefu nikawaza nikuandikie au ninyamaze, nikaona bora uisikie kwangu leo kuliko uje uione mwenyewe ukiwa na 44.

Na ona kitu kizuri kilichojificha humo. Mshahara sijautaja ni kiasi gani, haujaingia kabisa. Anayepata kidogo na anayepata nyingi wakiweka sehemu ileile wanafika pamoja, maana kila mmoja anakusanya kwa ajili ya maisha aliyoyazoea. Ndio maana matumizi yana nguvu pande mbili, ukipunguza 10 kwa mwezi umeongeza 10 kwenye akiba na papo hapo umepunguza lengo lenyewe, kumi mara miezi 12 mara 25 ni 3000 ambayo huhitaji tena kuitafuta. Ukiongezwa mshahara na maisha ukayapandisha palepale, lengo nalo limekimbia mbele. Mimi nilipoongezwa mwaka juzi nilijifanya sijaongezwa, ile nyongeza naihamisha siku ileile kabla sijaizoea, na sijawahi kuona pengo lake.

Halafu bei. Chukua 72 ugawe kwa asilimia ambayo bei zinapanda kwa mwaka, unapata miaka ambayo bei zitakuwa zimejirudia mara mbili. Zikipanda kwa 6, ni miaka 12. Miaka 12, shosti, ileile yako! Yani ile namba nyekundu ukiifikia siku unatimiza 45 itanunua nusu tu ya inachonunua leo, na utakuwa umefika kwa jasho lako lote ukidhani umemaliza. Kwahiyo lengo usiliandike kama hela, liandike kama miaka ya matumizi, miaka 25 au 33, na kila mwanzo wa mwaka upige upya kwa bei za mwaka huo. Na mtu akikuambia akiba yako itapata riba ya asilimia 8, muulize bei zinapanda kwa ngapi, kama ni 6 basi wewe umepata kama 2 tu. Hela ya kabatini haipati hata hiyo, inaliwa humohumo.

Kitu kinachonitisha kuliko vyote ni ile miaka ya mwanzo baada ya kuacha kazi. Sema una 1000 na unatoa 40 kwa mwaka. Umetoa 40 imebaki 960, soko likaanguka asilimia 30, una 672. Mwaka unaofuata 40 yako ni ileile, bei hazijashuka, lakini sasa 40 kwenye 672 sio asilimia 4 tena, ni karibu 6, na hisa ulizouza kwa bei ya kutupa hazipo tena soko likirudi. Anguko hilohilo lingekuja mwaka wa 20 wala usingelisikia sana. Sasa mwaka gani litakuja hakuna anayejua, ndio maana nataka uwe na matumizi ya mwaka mmoja, ikiwezekana miwili, pembeni mahali ambapo hapayumbi, soko likianguka unakula hapo hisa unaziacha zipumue.

Madeni sitayasema sana unayajua, lile la riba kubwa lilipe kwanza kabla ya uwekezaji wowote, maana hakuna mfuko wa uwekezaji utakaokulipa kwa uhakika kile ambacho deni linakutoza. Na uulize makato ya mfuko kabla hujaweka hela. Asilimia 1 kwa mwaka inasikika kama si kitu, ila kama wewe mwenyewe utakuwa unakula 4, hiyo 1 ni robo ya sahani yako, kila mwaka, soko lipande lishuke. Na mafao yako ya kazini angalia yanafunguliwa ukiwa na umri gani, kwa kawaida sio 45. Umri wa kustaafu tunauona kama umeandikwa mbinguni kumbe ni sheria za watu tu, Ujerumani enzi za kansela wao Bismarck walipoanzisha pensheni mwaka 1889 waliweka 70, mwaka 1916 wakashusha ikawa 65. Kwahiyo kati ya 45 na huo umri wa kwenu unahitaji hela ambayo unaweza kuigusa, ukiweka zote kwenye mafao utakuwa tajiri mwenye njaa kwa miaka kadhaa.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Nimesoma barua yako mara ya tatu leo asubuhi na hakuna mahali umesema hutaki kufanya kazi. Umesema hutaki kazi ile, hutaki kurudi nyumbani mtoto ameshalala, hutaki simu za Jumapili. Hiyo ni shida nyingine na ina bei nyingine, ndogo zaidi. Nimepiga hivi: ukijibana ukaweka 40 kwenye kila 100 kwa hii miaka 12, ukifika 45 utakuwa na karibu matumizi ya miaka 10 na nusu. Haijafika 25, kuacha kazi huwezi. Lakini hiyo hela ukiiacha usiiguse, na wewe ukatafuta kazi ya kulipa matumizi yako tu bila kuweka akiba hata senti, kwa ile asilimia 5 itajikuza yenyewe mpaka 25 kwenye miaka 17 au 18 hivi. Yani ukiwa na 45 unaweza kuchukua kazi inayolipa 60 pale ulipokuwa unalipwa 100, ya siku tatu kwa wiki, au ile ya kufundisha uliyoiacha ukalia, na uzee wako ukawa unajipika jikoni pole pole. Kutoka 20 kwenda 40 ni ngumu, sikudanganyi, ila sio 60.

Usinijibu haraka. Toa ile namba nyekundu ukutani kwanza, nunua daftari, fukua matumizi ya mwaka mzima uliopita uniandikie jumla moja tu, ya ukweli, na ya jino iwemo. Na mimi ntakutumia ya kwangu, sijawahi kumwonyesha mtu, hata shemeji yako hajaiona yote. Halafu tuzidishe pamoja.

Wasalimie wanao, mwambie mdogo barua yake ya picha nimeibandika juu ya friji mpya.

Rafiki yako wa siku zote