Jumamosi Nyali, njooni na brashi
Jamani salama? Jumamosi tukutane Nyali ufuoni, Mombasa, tuchore ndege na bahari kwa rangi, saa tatu asubuhi msichelewe, hii ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na ikifika saa nne maji yashakupwa mwamba uko wazi, hapo ndo ndege wa ufuoni, kitwitwi na sululu, wanashuka kula, na mjue hawa sululu wanatoka mbali kaskazini wengine Urusi huko wanaruka mpaka kwetu, basi wakila msiwakurupushe, mtu akae chini achore taratibu. Halafu bahari si buluu tupu jamani!! Penye mchanga chini inakuwa kijani, kule nje kwenye kina ndo buluu inakolea, tazameni kwanza kabla hamjachanganya rangi. Mwenye darubini aje nayo tutaazimana. Maji ya brashi hatumwagi ufuoni, ntabeba ndoo.