Harambee ya paspoti na viza kwa vijana wetu wa kompyuta

Bwana Yesu asifiwe wapendwa! Kamati ya vijana tunakuja tena na bakuli, msikimbie kwanza, safari hii sio paa wala spika za kwaya.

Ishu ni hii. Kuna vyuo vikubwa huko nje vinachukua wanafunzi wa digrii ya kwanza wanaosoma kompyuta, wanaenda kufanya utafiti miezi miwili mitatu, wengi kwenye likizo ya kiangazi ya huko kuanzia mwezi wa sita, na wanalipwa. Yani mtoto halipi ada, yeye ndo analipwa! KAUST ya Saudi Arabia inatoa dola 1,000 kwa mwezi, nyumba na tiketi ya ndege juu yao. OIST iliyopo kisiwa cha Okinawa kule Japani inatoa yen 2,400 kwa siku, malazi na nauli pia wanabeba wao. EPFL pale Lausanne, Uswisi, nao wana programu ya kiangazi ya watu wa kompyuta tupu. Marekani zipo kibao ila zile za REU (utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza) zinazolipiwa na NSF, taasisi ya serikali yao inayofadhili sayansi, ni za raia wao na wenye green card, yani kibali cha kuishi huko moja kwa moja, vijana msipoteze bando huko.

Sasa wazee wameuliza, kama kila kitu kimelipiwa harambee ya nini? Swali la haki kabisa. Hela ya chuo inaanza kuonekana ukishafika. Kabla ya hapo paspoti ni 150,000, viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Uswisi, ni euro 90 na ukinyimwa hairudi, bado bima ya safari, bado basi la Mbeya–Dar kwenda na kurudi kwa ajili ya ubalozi na kulala kwa ndugu kama unaye, na kuna programu tiketi unanunua mwenyewe afu unarudishiwa ukipeleka risiti. Mtoto anayeishi kwa bumu la Bodi ya Mikopo atatoa wapi? Mwaka jana binti yetu wa mwaka wa pili alipata barua ya kukubaliwa, paspoti hana, kaanza kuhangaika mwezi wa tano, nafasi ikaenda kwa mwingine. Tulimuombea, sawa, lakini alichohitaji ni hela.

Kwa hiyo tunataka mfuko unaozunguka kama kikoba. Kijana anachukua, akianza kulipwa anarejesha kidogo kidogo, mwenzake anachukua. Atakayenyimwa viza hatumdai, hilo kamati tumebishana mpaka usiku na limepita. Lengo ni milioni 6 na tunaanza na paspoti, kwa sababu maombi mengi ya kiangazi yanafungwa kati ya mwezi wa 12 na wa pili, ukisubiri ukubaliwe ndo uende Uhamiaji umechelewa.

Vijana nanyi, mitihani ya UE, ile ya chuo ya mwisho wa muhula, mara nyingi inaangukia mwezi wa saba humohumo, ongeeni na idara kabla ya kujaza fomu, na muulize kama itahesabika kama fildi (mafunzo kwa vitendo).

Sio lazima wote wapande ndege. Google Summer of Code ipo tangu 2005, sio utafiti sana, ni kuandika programu huria za kompyuta, zile ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu, na unalipwa ukiwa nyumbani, ila inataka laptop inayokaa na chaji. Mwenye laptop imelala kabatini tunaipokea hata kama herufi mbili zimeng'oka.

Mnada wa mazao ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Viazi, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, chochote. Cash apewe mweka hazina na mdai risiti, mlioko Dar na nje ya nchi tumieni namba ileile ya usharika mnayoijua, mwandike "utafiti" isije ikachanganywa na hela ya ujenzi. Wenye jogoo wafungeni miguu kabisa, ile vurugu ya mavuno hatuitaki tena.